Robert Koch: Tabibu aliyebaini kuwa kifua kikuu huogopa mwanga

Na Mwandishi Wetu, Igawa

MWAKA 1905, miaka saba baada ya kifo cha Mtwa Mkwawa, daktari mmoja wa Kijerumani mwenye umri wa miaka 61 alisafiri kutoka pwani kwa njia ya misafara hadi Iringa, katika nchi ya Wahehe. Hakuja kutafuta pembe za ndovu wala mashamba. Alikuwa akifukua udongo wa sakafu za vibanda walimolala wasafiri, akiwasaka papasi.

Daktari huyo alikuwa Robert Koch, ambaye wakati huo jina lake lilikwishaenea duniani kote kwa kugundua bakteria wanaosababisha kifua kikuu. Mwishoni mwa mwaka huo huo wa 1905 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba.

Wengi wanamkumbuka Koch kwa ugunduzi huo. Ni wachache wanaokumbuka jambo jingine alilolieleza mwaka 1890, kwamba bakteria hao hawastahimili mwanga wa jua. Jambo hilo dogo ndilo chimbuko mojawapo la taa za mionzi ya urujuanimno ambazo tangu janga la UVIKO-19 lilipozuka mwaka 2020 zimekuwa zikinadiwa kwa familia kuwa zinasafisha hewa ya ndani ya nyumba.

Kwa mkazi wa Igawa, suala hilo si la anasa. Mji huu mdogo wa Wilaya ya Mbarali, mkoani Mbeya, uko mahali ambapo barabara kuu ya TANZAM inashuka kutoka kwenye baridi ya Makambako, eneo lililokuwa la Mkoa wa Iringa hadi Mkoa wa Njombe ulipoanzishwa mwaka 2012, na kuingia katika tambarare ya mpunga ya Usangu. Hapa hupita madereva wa malori ya Tunduma, wafugaji, vibarua wa mashamba na wafanyabiashara, na wengi wao hulala katika vyumba ambavyo madirisha yake ni madogo na hufungwa usiku kucha kwa kuhofia baridi, mbu na wezi.

Mtu mmoja mwenye kifua kikuu ambaye hajaanza matibabu, akikohoa katika chumba cha namna hiyo, anaweza kuwaambukiza wote wanaolala naye. Tanzania imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa zaidi wa ugonjwa huo. Ndiyo maana inafaa kurejea maisha ya mtu huyu, mafanikio yake pamoja na makosa yake, kabla ya familia kutoa fedha kununua taa.

Mtoto wa mji wa migodi

Robert Koch alizaliwa Desemba 11, 1843 katika mji wa Clausthal, ulioko kwenye milima ya Harz nchini Ujerumani. Baba yake alikuwa ofisa wa migodi na familia ilikuwa kubwa. Inasimuliwa kuwa alipofikisha umri wa miaka mitano aliwashangaza wazazi wake kwa kuwaeleza kwamba amejifunza kusoma mwenyewe kwa kutumia magazeti.

Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Göttingen na kuhitimu mwaka 1866. Mmoja wa walimu wake, Jacob Henle, alikuwa ameandika miaka mingi kabla kwamba magonjwa ya kuambukiza husababishwa na viumbe hai vidogo sana, fikra ambayo wakati huo haikuwa na ushahidi wa kutosha. Mwaka 1867 Koch alimuoa Emmy Fraatz, wakajaliwa binti mmoja, Gertrud.

Baada ya kutumika katika vita vya Ujerumani na Ufaransa vya mwaka 1870 hadi 1871, aliteuliwa mwaka 1872 kuwa mganga wa wilaya huko Wollstein, mji ambao sasa uko Poland na unaitwa Wolsztyn. Hakuwa na maabara, maktaba ya kitaaluma wala wenzake wa kushauriana nao. Alikuwa na hadubini na sehemu ya nyumba yake aliyoigeuza kuwa mahali pa utafiti, huku akiendelea kuwatibu wagonjwa wake.

Katika mazingira hayo, akichunguza ugonjwa wa kimeta uliokuwa ukiua mifugo ya wakulima, aliweza kufuatilia maisha yote ya bakteria wa ugonjwa huo na kueleza namna wanavyojihifadhi ardhini kwa miaka. Matokeo yake aliyawasilisha mwaka 1876 katika Chuo Kikuu cha Breslau. Ilikuwa mara ya kwanza kwa bakteria fulani kuthibitishwa pasipo shaka kuwa ndiye chanzo cha ugonjwa fulani.

Jioni ya Machi 24, 1882

Mwaka 1880 Koch alihamishiwa Berlin katika Ofisi ya Afya ya Dola, akapewa wasaidizi na vifaa. Aliuelekeza uwezo huo wote kwenye kifua kikuu, ugonjwa ambao kwa hesabu za wakati ule ulisababisha kifo kimoja katika kila vifo saba. Madaktari wengi waliuona kuwa ni wa kurithi, au unaotokana na udhaifu wa mwili na umaskini.

Bakteria wa kifua kikuu walikuwa wagumu kuonekana kwa sababu hawashiki rangi kirahisi chini ya hadubini, na walikuwa wagumu kuoteshwa kwa sababu hukua polepole mno. Koch alipata njia ya kuwatia rangi, kisha akawaotesha kwenye majimaji ya damu yaliyogandishwa, akisubiri wiki kadhaa mahali ambapo wengine wangekata tamaa baada ya siku chache. Alipowapandikiza kwa wanyama wa maabara, wanyama hao waliugua kifua kikuu.

Jioni ya Machi 24, 1882 alitoa taarifa hiyo mbele ya Chama cha Fiziolojia cha Berlin. Tarehe hiyo ndiyo inayoadhimishwa kila mwaka hadi leo kuwa Siku ya Kifua Kikuu Duniani. Miaka miwili iliyofuata aliongoza ujumbe wa kuchunguza kipindupindu nchini Misri na kisha Calcutta, India, na mwaka 1885 akawa profesa wa elimu ya usafi na afya mjini Berlin.

Hotuba moja, habari mbili

Agosti 1890 maelfu ya madaktari kutoka mataifa mbalimbali walikusanyika Berlin kwa Mkutano Mkuu wa Kimataifa wa Tiba. Koch alikuwa miongoni mwa wazungumzaji waliosubiriwa kwa hamu, na katika hotuba yake zilikuwamo habari mbili zilizokuja kuwa na hatima tofauti kabisa.

Habari ya kwanza ilikuwa kwamba amepata kitu kinachozuia bakteria wa kifua kikuu kukua katika mwili wa mnyama. Habari ya pili, aliyoigusia kwa ufupi, ilikuwa kwamba mwanga wa jua unaowapiga moja kwa moja huwaua bakteria hao kwa muda wa kati ya dakika chache na saa chache, kutegemea unene wa tabaka lao. Hata mwanga wa kawaida wa mchana usio na jua la moja kwa moja, alieleza, huwaua katika siku tano hadi saba wakiwekwa karibu na dirisha.

Dunia ilikimbilia habari ya kwanza. Dawa hiyo, iliyokuja kuitwa tuberkulini, ilianza kudungwa kwa wagonjwa miezi michache tu baadaye, wakati Koch akiwa bado ameficha kilichomo ndani yake. Wagonjwa walimiminika Berlin wakiwa hoi, na madaktari wa nchi za nje wakafika kujifunza, akiwamo Mwingereza Arthur Conan Doyle, mwandishi wa hadithi za Sherlock Holmes, ambaye kitaaluma alikuwa daktari.

Matumaini hayo hayakudumu. Mwanzoni mwa mwaka 1891 mwanapatholojia Rudolf Virchow alionyesha kwa uchunguzi wa maiti kwamba dawa hiyo haikuwaua bakteria, na kwamba kwa baadhi ya wagonjwa ilielekea kuwasambaza zaidi mwilini. Ilibainika pia kuwa tuberkulini ilikuwa dondoo tu la bakteria hao hao pamoja na gliserini. Heshima ya Koch ilitikisika vibaya, ingawa baadaye tuberkulini ilipata kazi yake halali, yaani kupima iwapo mtu amepata maambukizi.

Habari ya pili, ile ya mwanga, haikumpeleka mtu yeyote mbio Berlin. Haikuwa na chupa ya kuuzwa wala sindano ya kudungwa. Lakini ndiyo iliyosimama imara hadi leo.

Njia ya Afrika

Mwaka 1893 Koch aliachana na Emmy na kumuoa Hedwig Freiberg, msichana mdogo wake kwa karibu miaka 30, jambo lililozua minong'ono katika jamii ya Berlin. Tangu hapo sehemu kubwa ya maisha yake ilikuwa safarini, na Afrika ikawa uwanja wake mkuu.

Mwaka 1896 alikuwa Kimberley, Afrika Kusini, akishughulikia sotoka iliyokuwa ikimaliza ng'ombe. Kati ya mwaka 1897 na 1898 alikuwa Dar es Salaam akichunguza malaria na maradhi ya mifugo, na ndiye aliyethibitisha kuwa ugonjwa uliokuwa ukiua watu Kiziba, katika eneo la Bukoba, ulikuwa tauni. Mwaka 1903 na 1904 alikuwa Rhodesia akichunguza ndigana kali.

Safari ya mwaka 1905 ndiyo iliyomfikisha Iringa. Katika njia za misafara watu wengi, wenyeji na wageni, walikuwa wakishikwa na homa inayopanda, kushuka na kurudi tena baada ya siku kadhaa, homa ambayo wenyeji waliihusisha na papasi. Koch alithibitisha kwa hadubini kwamba papasi wanaoishi kwenye vumbi kavu la sakafu hubeba vijidudu vya homa hiyo na kuvirithisha kwa mayai yao. Watafiti wa Uingereza waliokuwa Uganda na Kongo walifikia jibu hilo hilo katika kipindi hicho. Ushauri wake kwa wasafiri ulikuwa mwepesi, kwamba wasilale ndani ya vibanda vya zamani vya misafara bali wapige mahema mbali navyo.

Hapo linaonekana jambo linalounganisha kazi zake. Ugonjwa aliutafuta mahali mtu anapolala, iwe ni sakafuni au katika makohozi yaliyokaukia chumbani penye giza. Nyumba yenyewe ilikuwa sehemu ya maradhi, na kwa hiyo ingeweza pia kuwa sehemu ya kinga.

Kivuli cha Ssese

Haitakuwa haki kumsimulia Koch kana kwamba alikuwa mkombozi tu. Alikuja Afrika chini ya mwavuli wa dola la kikoloni, katika nchi iliyotiishwa kwa bunduki, na mwaka huo huo wa 1905 Vita vya Maji Maji vililipuka kusini. Watu aliowachunguza hawakuwa na nafasi kubwa ya kukubali au kukataa.

Mwaka 1906 alirudi akiwa na mkewe Hedwig, akaanzia Amani katika milima ya Usambara, kisha akaenda visiwa vya Ssese katika Ziwa Victoria, upande wa Uganda. Malale yalikuwa yakiteketeza watu kandokando ya ziwa hilo, na inakadiriwa kuwa zaidi ya watu 200,000 walikufa nchini Uganda katika miongo miwili ya kwanza ya karne iliyopita. Wagonjwa walifika kambini kwake kwa mamia, wakitumaini kupona.

Koch aliwadunga dawa iliyoitwa atoksili, yenye sumu ya aseniki. Mwanzoni wengi walipata nafuu, lakini ugonjwa ulirudi. Alipoongeza kipimo, baadhi ya wagonjwa walipata maumivu makali na wengine wakapofuka moja kwa moja. Hata hivyo aliendelea kuipendekeza dawa hiyo itumike, pamoja na kuwatenga wagonjwa katika kambi.

Tuberkulini na atoksili zilishuka katika mto mmoja wa haraka. Katika visa vyote viwili daktari mwenye jina kubwa alitangaza tiba kabla ya kuijua vizuri, na wagonjwa waliokata tamaa wakalipa gharama. Wahenga walikwishaonya kuwa haraka haraka haina baraka, na onyo hilo linamhusu pia mnunuzi wa taa wa leo.

Koch alifariki dunia Mei 27, 1910 mjini Baden-Baden akiwa na umri wa miaka 66. Majivu yake yamehifadhiwa Berlin katika taasisi inayobeba jina lake.

Kutoka juani hadi kwenye taa

Wazo la mwanga liliendelezwa na wengine. Kabla ya Koch, Waingereza Arthur Downes na Thomas Blunt walikuwa wameonyesha mwaka 1877 kuwa jua huzuia bakteria kukua. Baadaye Niels Finsen, daktari aliyezaliwa visiwa vya Faroe na kufanya kazi Denmark, alitumia taa kali kutibu kifua kikuu cha ngozi na kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1903.

Sehemu ya mwanga yenye nguvu hiyo ni mionzi isiyoonekana kwa macho, iliyo ng'ambo ya rangi ya urujuani, ndiyo maana ikaitwa urujuanimno. Mionzi hiyo huvuruga chembe za urithi za kijidudu hata kisiweze kuzaliana. Aina yake iliyo kali zaidi haifiki ardhini kwa sababu huzuiwa na tabaka la ozoni, lakini taa maalumu za zebaki huweza kuitoa, zikiwa na urefu wa wimbi wa nanomita 254.

Katika miaka ya 1930 Mmarekani William Wells alieleza kuwa matone madogo sana yanayotoka kwa mtu anayekohoa hukauka na kuelea hewani kwa muda mrefu, kisha akaanza kuyashambulia kwa taa hizo zilizofungwa juu ukutani. Mwenzake Richard Riley alikamilisha ushahidi huo katika hospitali moja ya Baltimore miaka ya 1950. Hewa ya wodi ya kifua kikuu ilipoelekezwa kwa simbilisi, wanyama tunaowafahamu vizuri katika Nyanda za Juu Kusini, waliambukizwa. Wale waliovuta hewa iliyopitishwa kwanza kwenye mionzi walisalimika.

Utafiti wa namna hiyo uliofanyika Lima, Peru, na kuchapishwa mwaka 2009 ulionyesha kuwa asilimia 35 ya simbilisi waliovuta hewa ya wodi bila taa waliambukizwa, ikilinganishwa na asilimia 9.5 pale taa zilipowashwa. Mwaka 2019 WHO ilizijumuisha taa zinazofungwa sehemu ya juu ya chumba katika mapendekezo yake ya kuzuia maambukizi ya kifua kikuu mahali penye hatari kubwa.

Taa ya hospitali si taa ya chumbani

Ushahidi huo, hata hivyo, unahusu taa zilizofungwa na mafundi, juu ya vichwa vya watu, zikiwa na vikinga vinavyozuia mionzi kushuka, huku hewa ikizungushwa ili ile ya chini ipande kwenye mwanga. Chumba chenye dari fupi hakifai kwa mpango huo.

Taa ya wazi ya aina hiyo, ikiwashwa mahali penye watu, huunguza macho na ngozi kwa muda mfupi tu, na mtu huweza asihisi chochote hadi saa kadhaa baadaye, macho yakianza kuwasha kana kwamba yametiwa mchanga. Mwaka 2020 WHO ilitoa tahadhari kuwa taa hizo zisitumike kusafisha mikono wala ngozi. Baadhi hutoa pia gesi ya ozoni inayodhuru mapafu, na balbu ikivunjika humwaga zebaki.

Aidha, si kila balbu yenye rangi ya zambarau ina mionzi hiyo. Nyingine ni rangi tu. Hata balbu halisi hupoteza nguvu baada ya takriban mwaka mmoja wa kuwaka mfululizo ingawa bado inaonekana kuwaka, na vumbi likiitanda kazi yake hupungua. Wala taa hiyo haiondoi moshi wa mkaa na kuni, ambao ni adui mwingine wa mapafu katika nyumba nyingi za ukanda huu.

Mwanga na hewa visivyouzwa

Katika Lima hiyo hiyo, utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulibaini kuwa wodi za kizamani zenye dari ndefu na madirisha makubwa, zilipofunguliwa milango na madirisha, zilibadilisha hewa mara 40 kwa saa kwa wastani, wakati vyumba vyenye mitambo ya kisasa vilifikia mara 12. Dirisha lililofunguliwa liliishinda mashine.

Kwa mwenye nyumba wa Igawa hilo ni jambo la kufanyika leo. Kufungua madirisha ya pande mbili ili hewa ipite, kuweka wavu dhidi ya mbu na nondo dhidi ya wezi ili yasilazimike kufungwa usiku kucha, na kuyaacha mapana zaidi wakati wa kujenga, ni gharama ndogo kuliko taa. Kuanika magodoro, mikeka na mablanketi juani kunafuata kanuni ile ile ya mwaka 1890. Ikumbukwe pia kuwa kioo huzuia sehemu kubwa ya mionzi ya urujuanimno, hivyo jua linaloingia kupitia dirisha lililo wazi lina nguvu kuliko lile linalopita kwenye kioo kilichofungwa.

Zaidi ya yote, hakuna mwanga unaoweza kuchukua nafasi ya matibabu. Tanzania ilianzisha Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma mwaka 1977, na uzoefu uliopatikana humo, chini ya ushauri wa Dk. Karel Styblo, ulikuwa msingi wa mkakati wa matibabu ya kusimamiwa uliosambazwa duniani na WHO miaka ya 1990. Dawa hutolewa bila malipo katika vituo vya umma, na mgonjwa anayezitumia ipasavyo hupunguza haraka uwezo wa kuwaambukiza wengine.

Kwa hiyo anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi, anayetokwa jasho usiku, kupungua uzito au kutema damu anapaswa kwenda kupimwa katika zahanati iliyo karibu, na waliobaki nyumbani wafungue madirisha wakati wakisubiri majibu yake.